Rekodi imefutwa, lakini fomu bado inauliza

Desemba 2018 nilikamatwa katika duka moja kubwa hapa Texas kwa tuhuma za wizi mdogo. Vitu vilivyokuwa chini ya toroli havikupita kwenye mashine ya kujilipia, na thamani yake ilizidi dola 100. Kwa sheria za Texas, kuanzia dola 100 hadi chini ya 750 unaingia daraja B la makosa madogo: kifungo cha hadi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Siku ile sitaisimulia zaidi ya hapo. Kilichonisukuma kuandika ni yaliyofuata, maana mashtaka yaliondolewa, hakimu akaamuru rekodi ifutwe, na bado kila nilipoomba kazi ile karatasi ya maswali ilinitoa jasho kuliko pingu zilivyonitoa.

Nilipoanza kutafuta kazi nilipata ushauri wa watu wawili wanaonitakia mema. Mama mmoja tunayesali naye aliniambia, "Mwanangu, mambo ya mahakama ni ya kuzika. Ukiulizwa sema hapana, basi." Shemeji yangu, ambaye ameishi nchi hii kuliko sisi wote, akanipa kinyume chake: "Toa kila kitu mapema. Hawa watu wakigundua umeficha, umekwisha." Nimewasikiliza wote wawili kwa nyakati tofauti, na kila mmoja alinifaa mahali fulani na kunipoteza mahali pengine. Wote waliruka swali la kwanza: anayeuliza ni nani, na sheria inampa haki ya kujua nini?

Nianze na kesi yenyewe kidogo, kwa sababu namna kesi inavyomalizika ndiyo inayoamua kama kutakuwa na kitu cha kufuta.

Wakili niliyepangiwa na mahakama alikuja na habari aliyoiona njema. Nikiri kosa, hakimu aahirishe kunitia hatiani, nikae chini ya uangalizi kwa muda, na nikimaliza salama mashtaka yaondolewe. Shemeji akasema kubali yaishe. Mimi nilikuwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sikuwa raia, na kitu kikaniambia niulize kwanza. Nikamwendea wakili wa uhamiaji, dola 200 kwa saa moja. Zile fedha ziliniuma zikitoka, lakini katika zote nilizotumia kwenye safari hii hakuna zilizonifaa kama hizo.

Alinieleza kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 1996, sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kipimo chake cha nani ametiwa hatiani. Ukikiri mbele ya hakimu, naye akakuwekea adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wako, kwa macho ya uhamiaji umeshatiwa hatiani, hata kama mahakama ya jimbo inasema hukutiwa. Isitoshe, kwa Texas, kosa la daraja B lililomalizwa kwa njia ile halifutiki. Unachoweza kupata ni amri ya kuficha, na orodha ya taasisi zinazoruhusiwa kuendelea kuona kilichofichwa ni ndefu kweli kweli. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Wa kwangu hakuligusa jambo hilo mpaka nilipolitaja mwenyewe. Kwa hiyo litaje.

Tulirudi kwa mwendesha mashtaka tukaomba ile programu inayofanyika kabla ya kesi kusikilizwa: madarasa, kazi za kujitolea, kuripoti kwa afisa, ada ya kila mwezi, bila kusimama mbele ya hakimu na kukiri. Wakili wa uhamiaji alitaka kusoma mkataba wake kabla sijatia saini, ahakikishe hakuna ungamo lililochomekwa katikati ya kurasa. Nilikosa zamu za kazi kwa ajili ya madarasa yale na nilimdanganya mwajiri wangu wa wakati huo kwamba naumwa mgongo. Mwanzoni mwa 2020 mashtaka yakaondolewa.

Nilidhani yameisha. Kumbe mashtaka kuondolewa hakufuti chochote. Kukamatwa kulibaki polisi, alama za vidole zilibaki jimboni na FBI, faili lilibaki kwa karani wa mahakama, na mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kulikuta. Kufuta ni shauri jingine kabisa, hufunguliwa kama la madai, na kwa kuwa nilimaliza ile programu sikuhitaji kusubiri miaka kabla ya kuomba. Wakili alinitoza dola 1,500, ada za mahakama mbali.

Ombi la namna hii uzito wake wote uko kwenye orodha. Lazima utaje kila ofisi iliyoshika jina lako: polisi waliokukamata, gereza la kaunti, ofisi ya mwendesha mashtaka, karani, Idara ya Usalama wa Umma ya Texas ambayo ndiyo hupeleka habari FBI, na pia kampuni binafsi zinazonunua na kuuza rekodi za jinai. Asiyekuwa kwenye orodha anaweza asijue kwamba kuna amri. Rasimu ya kwanza ya wakili wangu ilisahau kituo nilicholala saa chache kabla ya kuhamishiwa gereza la kaunti. Niliiona kwa sababu niliisoma mstari kwa mstari, na nakusihi usione haya kumsahihisha mtu uliyemlipa. Kisheria kikao hakiwezi kuwekwa kabla ya siku 30 tangu kufungua ombi. Janga la korona likakirefusha zaidi. Siku yenyewe ilipofika, hakimu aliuliza kama kuna anayepinga, hakuna aliyejibu, akatia saini.

Kabla ya siku ile, wakili wa uhamiaji alikuwa amenipa agizo moja lililonishangaza: nenda kwa karani ukachukue nakala zenye mhuri za kila karatasi, kuanzia hati ya mashtaka hadi amri ya kuyaondoa, na uchukue zaidi ya moja. Mimi nataka kufuta, yeye anataka nihifadhi! Sababu yake ni kwamba Texas amri ikishatoka, karani huliharibu faili ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo hakuna ofisi itakayoweza kukuthibitishia kesi yako ilikwishaje, na iko siku mtu mwenye haki ya kuuliza atataka uthibitisho huo. Nitafika huko.

Sasa kazi.

Amri ikishakuwa ya mwisho, sheria ya Texas inakuruhusu kukana kwamba uliwahi kukamatwa, na kukana hata kwamba amri ya kufuta ipo. Ukiulizwa chini ya kiapo katika kesi ya jinai, unachopaswa kusema ni kwamba jambo hilo limefutwa, si zaidi. Na mtumishi wa umma anayejua kuna amri kisha akaitoa rekodi hiyo, naye anatenda kosa la daraja B, lile lile nililoshtakiwa mimi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Kujua sheria na kuitumia ukiwa umeketi mbele ya mtu ni mambo mawili. Kazi ya kwanza niliyoomba baada ya amri ilikuwa ya kuwahudumia wazee majumbani. Fomu iliuliza: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Nikiwa na maneno ya shemeji kichwani, niliweka alama kwenye "ndiyo" na kuandika maelezo ya aya nzima. Hebu fikiria. Jibu la kweli lilikuwa "hapana" hata kama nisingekuwa na amri yoyote mkononi! Kukamatwa ni jambo moja, kushtakiwa ni la pili, kutiwa hatiani ni la tatu, na mimi sikufika la tatu. Hofu ilinifanya nijishuhudie uongo.

Mama aliyenihoji alikuwa mpole. Alisoma ile aya, akaniuliza habari za duka, za toroli, za gereza, na kwa kuwa nilishafungua mlango mwenyewe sikuwa na namna ya kuufunga. Mazungumzo kuhusu miaka niliyohudumia wagonjwa hayakurudi tena. Sikuitwa. Niliporudi nyumbani nililala na nguo za mahojiano mpaka jioni, na mdogo wangu alipopiga simu kutoka nyumbani nilimwambia mahojiano yameahirishwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia mtu: soma swali kama wakili, neno kwa neno, usijibu swali ulilolitunga kichwani kwa woga. Kama ni "kutiwa hatiani", jibu kuhusu kutiwa hatiani. Kama ni "kukamatwa", hapo ndipo amri ya kufuta inapokubeba. Fomu nyingine zina sentensi ndogo chini ya swali inayosema usitaje rekodi zilizofutwa au kufungiwa, yaani kufichwa zisionekane na umma. Illinois, kwa mfano, sheria inataka fomu za maombi ya kazi ziseme wazi kwamba mwombaji halazimiki kutaja rekodi za namna hiyo. Isome sentensi hiyo kabla ya kushika kalamu.

Kazi ya pili ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Safari hii nilijibu "hapana" kote, nikahojiwa vizuri, nikaambiwa nisubiri uchunguzi. Nyumba hizo kwa sheria ya Texas lazima ziangalie rekodi za Idara ya Usalama wa Umma, na huko jina langu lilikuwa safi. Lakini mwajiri huyu alitumia pia kampuni binafsi ya uchunguzi. Baada ya siku chache nikapokea barua pepe yenye ripoti, na ndani yake kesi yangu imekaa kama ilivyokuwa 2019, na mbele ya neno "matokeo" hakuna kitu. Kampuni ilikuwa imenunua data za mahakama zamani, ikaziweka ghalani, na haikurudi kuzilinganisha na chanzo.

Nilitetemeka. Nilijua mtu wa ajira anaziona karatasi mbili mbele yake: yangu inayosema hapana, na ile inayosema ndiyo. Huyu si ataniona mwongo?

Kilichoniokoa ni kusoma ile barua pepe hadi mwisho. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni zinazotoa ripoti juu ya watu, iwe za mikopo au za ajira. Inamtaka mwajiri, kabla hajakunyima kazi kwa sababu ya ripoti, akupe nakala ya ripoti hiyo pamoja na maelezo ya haki zako. Barua niliyopokea haikuwa ya kunikataa. Ilikuwa ya kunipa nafasi. Wengi wetu tukiona maneno "rekodi ya jinai" tunaifunga simu na kukata tamaa, na nafasi ile inapita hivyo hivyo.

Nilifanya mambo mawili siku ile ile. Kwa mwajiri niliandika sentensi fupi: ripoti ina taarifa isiyo sahihi, nimeipinga rasmi kwa kampuni iliyoitoa, naomba nafasi isubiri majibu. Sikueleza toroli, sikuambatanisha amri. Amri ya kufuta inataja kosa, tarehe na mahali, na ukimpa mwajiri unamwambia yale yale ambayo hakimu amekuruhusu usiyaseme. Amri niliipeleka kwa kampuni ya uchunguzi peke yake, nakala yenye mhuri, kwa barua ya rejista na pia kupitia ukurasa wao wa malalamiko, nikiomba mambo matatu: waiondoe, wanitumie ripoti iliyosahihishwa, na waitume pia kwa mwajiri aliyeinunua. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kujibu.

Walisahihisha. Lakini mwajiri hakuweza kusubiri, nafasi ikajazwa. Sheria ile ile inakuwezesha kuishtaki kampuni, na ikithibitika ilikiuka kwa makusudi kuna fidia ya dola 100 hadi 1,000 hata usipoonyesha hasara, na ada ya wakili wako hulipwa na kampuni ikishindwa. Ndiyo maana wapo mawakili wanaochukua kesi hizi bila kukudai mwanzoni. Mimi sikushtaki. Nilikuwa nimechoka na mahakama kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Baada ya hapo niliacha kusubiri mwajiri awe wa kwanza kuona. Niliomba rekodi yangu mwenyewe kwa alama za vidole kutoka jimboni. Niliomba muhtasari wangu wa FBI, ambao ada yake ilikuwa dola 18. Nikaziandikia kampuni kubwa za uchunguzi moja moja kuomba faili langu, na wapo waliokuwa bado na ile kesi. Sisi tuliotoka Kenya tumezoea cheti kimoja cha mwenendo mwema, unakiomba polisi, unakipeleka kazini, yamekwisha. Hapa hakuna cheti kimoja. Kuna maghala mengi yasiyozungumza, na mwenye kuyapatanisha ni wewe.

Katika kupekua huko nilikuta pia picha yangu ya gerezani kwenye tovuti moja inayoishi kwa aibu za watu. Walitaka fedha ili waiondoe. Usilipe. Texas imekuwa na sheria tangu 2013 inayokataza biashara za namna hiyo kuendelea kuchapisha rekodi baada ya kupewa taarifa kwamba imefutwa, na hawaruhusiwi kukutoza kwa kusahihisha. Niliwatumia barua yenye kifungu cha sheria na nakala ya amri. Picha ikatoka.

Hayo ni makaratasi. Lililonisumbua zaidi lilikuwa kulitamka lile neno "hapana" kwa mdomo. Nimelelewa na watu ambao kuficha ni kusema uongo, na kila nilipojibu nilisikia uso unanipata joto. Nilizungumza na mchungaji wangu, akanisikiliza kwa muda mrefu na mwisho akasema hilo ni la mwanasheria zaidi kuliko lake, jambo ambalo halikunisaidia sana. Nilikuja kutulia kwa njia yangu mwenyewe. Hakimu aliyetia saini alikuwa na faili zima mbele yake, na aliyenishtaki alikuwepo na hakupinga. Wao wenye kujua yote ndio walioamua kwamba mwajiri wa kawaida hana sababu ya kujua. Nikimweleza mwajiri, simpi ukweli zaidi ya waliokuwa nao wao. Nampa nusu ya habari, na hana muda wa kuisikiliza nusu ya pili. Najua wapo watakaoona ninajitetea. Sawa.

Nilifanya mazoezi ya kulitamka mbele ya kioo. Jibu fupi, sauti ya kawaida, bila kuongeza "kwa nini unauliza?" na bila kucheka. Mtu anayejibu "hapana" kisha akaendelea kuzungumza sekunde kumi ndiye anayeamsha mashaka.

Kazi ya tatu niliipata.

Lakini hapa ndipo maneno ya yule mama tunayesali naye yanapofika mwisho wake, kwa sababu si kila anayeuliza ni mwajiri wa kawaida. Mwaka 2024 nilipoomba leseni ya uuguzi, nilisoma maelekezo ya Bodi ya Wauguzi ya Texas kabla ya kugusa fomu. Wanasema makosa yaliyofutwa si lazima yatajwe, ila ni jukumu lako kuhakikisha kweli yamefutwa, na wanapendekeza uambatanishe nakala ya amri. Tazama tofauti: kwa mwajiri amri naificha, kwa bodi naipeleka, maana bodi itachukua alama za vidole na kuangalia FBI, na kama kuna mabaki ni heri amri iwe tayari mezani. Mwenzangu mmoja wa darasa la uuguzi alikuwa na amri ya kuficha, si ya kufuta. Kwa aina hiyo bodi inasema huna lazima ya kutaja, lakini jambo lenyewe bado linaweza kuibuka kama suala la tabia. Alilazimika kutafuta wakili wa leseni. Kama hujui unayo ipi kati ya hizo mbili, soma kichwa cha karatasi yako leo.

Majimbo mengine yana mpangilio tofauti kabisa. California, kesi "iliyofutwa" chini ya kifungu cha 1203.4 cha sheria ya jinai ya jimbo hilo bado lazima uitaje ukiulizwa moja kwa moja katika maombi ya leseni ya jimbo au ya wadhifa wa umma. Kwa hiyo usichukue ushauri wa ndugu aliyeko Los Angeles ukautumia Houston, wala huu wangu ukaupeleka kwingine.

Serikali ya shirikisho nayo ina fomu zisizofanana. Fomu ya tamko la ajira, OF-306, inakuruhusu kuacha kutaja hukumu ambayo rekodi yake imefutwa kwa sheria ya jimbo au ya shirikisho. Lakini fomu ya SF-86, ile ya kibali cha usalama, inataka uandike hata yaliyofutwa au kufungiwa, isipokuwa aina moja finyu ya makosa ya dawa za kulevya yaliyofutwa chini ya sheria ya shirikisho. Jeshi nalo huuliza yaliyofutwa. Mtoto wa rafiki yangu alikaribia kujiandikisha jeshini huku akiwa ameambiwa na baba yake asiseme. Kosa lenyewe lilikuwa dogo na lingeweza kusamehewa, ila kulificha kwenye fomu ile kungekuwa kosa jipya, kubwa kuliko la kwanza. Kwa upande wa benki habari ni nzuri zaidi: sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2022 ililegeza masharti ya zamani dhidi ya watu wenye makosa ya udanganyifu, na rekodi zilizofutwa au kufungiwa haziwekwi tena kwenye hesabu.

Na uhamiaji. Hapa nawaomba wenzangu wenye kadi ya kijani mnisikie, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakiumia bila kujua. Kwa uhamiaji, amri ya jimbo ya kufuta haifuti. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilishaliweka hilo wazi mwaka 1999. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, na maelekezo yake yanasema ujibu hata kama rekodi imefungiwa au kufutwa, hata kama hakimu au wakili alikuambia huna tena rekodi. Wanachukua vidole vyako. Wanajua, au watajua. Kukamatwa kwa kesi iliyoondolewa mara nyingi hakumzuii mtu kupata uraia, lakini kujibu uongo chini ya kiapo kunagusa moja kwa moja sharti la kuwa mtu mwenye mwenendo mwema.

Nilipoomba uraia niliandika "ndiyo", nikaeleza kwa sentensi nne, nikaambatanisha zile nakala zenye mhuri nilizochukua kabla faili halijaharibiwa. Afisa alizipitia, akaniuliza kama nilikiri kosa mbele ya hakimu, nikasema hapana, akaangalia mkataba wa ile programu, akaendelea na maswali ya historia ya Marekani.

Kama rekodi yako imeshafutwa na hukuchukua nakala, anza kwa wakili aliyekutetea. Ofisi nyingi hutunza mafaili ya wateja kwa miaka kadhaa, na yake huenda ndiyo pekee iliyobaki. Ukikosa huko, nenda kwa karani wa mahakama ile ile ukaombe barua rasmi inayosema hakuna rekodi yoyote kwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa. Uhamiaji hupokea barua za namna hiyo. Omba iwe na mhuri, si iliyochapishwa tu kutoka kwenye kompyuta, na mpelekee wakili wa uhamiaji kabla hujajaza fomu.